Corinne Lachance wa Hadlock: Miaka Ishirini na Sita ya Kumpigia Kura Mpinzani

Tarehe 8 Januari 2025 Bi Corinne Lachance atakabidhi kiti chake katika Bunge la Jimbo la Vermont, kisha ataendesha gari kurudi Hadlock bila kikao chochote cha kuwahi kesho yake. Atakuwa ameuwakilisha mji wetu kwa miaka ishirini na sita, yaani vipindi kumi na vitatu, na kila kipindi alikipata kwa kuomba kura upya. Sisi wanafunzi wa Shule ya Hadlock tumepewa heshima ya kuandika habari zake katika ratiba hii ya sherehe. Tumefurahi mno, na rasimu yetu ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko sherehe yenyewe.

Bi Corinne alianza kama wengi wa hapa, kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa. Baadaye akafungua duka la vyakula vya mifugo, ambalo bado analo. Mwaka 1998 daraja la kwenda dukani lilitoboka, na mbunge wa wakati huo hakupokea simu zake. Akaamua kugombea yeye. Mumewe, marehemu Bw. Normand, alimwambia, "Ukishinda nitakupigia simu kila siku, nione kama utapokea." Alishinda. Bw. Normand akapiga kweli, mara nyingi kumuuliza maziwa yako wapi, naye akapokea hata akiwa kwenye korido za Bunge.

Kampeni zake zote alizifanya jalalani. Jumamosi asubuhi kila mtu wa Hadlock hupeleka taka zake mwenyewe, kwa hiyo anayesimama pale hadi saa sita mchana ameuona mji mzima. Bi Corinne hakugawa karatasi wala hakutoa hotuba. Alivaa glavu, akawasaidia watu kushusha mifuko, na wakati wa kushusha wakamweleza shida zao. Amewahi kusema kwamba mtu hawezi kukudanganya sana wakati umeshika takataka zake.

Mwaka wake wa kwanza Bungeni alifanya kosa ambalo bado linasimuliwa. Jirani yake wa kiti alimnyooshea peremende ya utomvu wa miti na kumnong'oneza kama anataka. Bi Corinne akajibu "Ndiyo" kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, sekunde ileile Spika alipowauliza wanaounga mkono muswada. Ulikuwa muswada alioupinga mwezi mzima. Jirani akamwambia, "Mama, peremende yenyewe ulikuwa unapewa bure." Tangu siku hiyo hakula kitu chochote ndani ya ukumbi.

Daraja lilitengenezwa. Wazimamoto wetu wa kujitolea walipata gari jipya, na nyumba za juu mlimani zikafikiwa na intaneti, jambo ambalo sisi tunaosoma huko tunalishukuru kila jioni. Lakini tulipowauliza watu wa mji tuandike nini hasa kumhusu, karibu wote walitaja uchaguzi wa 2018. Basi tunausimulia wote.

Kwanza ni lazima kutaja desturi. Hadlock, wagombea wawili wakikabiliana, kila mmoja humpigia kura mwenzake. Hakuna sheria inayosema hivyo na hakuna anayekumbuka nani aliianzisha. Kujipigia kura mwenyewe hapa huonekana kama kujipakulia minofu kwenye karamu ya watu. Kura hizo mbili hufutana, na maamuzi hubaki kwa mji. Kila alipopata mpinzani, Bi Corinne aliifuata desturi hiyo.

Mwaka 2018 mpinzani alikuwa Bw. Royce Pelkey, jirani yake, ambaye pia huendesha gari la mji la kusukuma theluji. Jambo lililowagombanisha lilikuwa shule yetu. Muswada ulikuwa njiani wa kufunga shule ndogo za jimbo na kuwapeleka wanafunzi kwenye shule kubwa, na Bi Corinne ndiye pekee wa upande huu aliyekuwa katika Kamati ya Elimu. Yeye alitaka shule ibaki. Bw. Royce alitaka ifungwe, na hakuwa mtu mbaya kwa kutaka hivyo. Mjukuu wake alitaka kuwa muuguzi, na chumba chetu cha sayansi kilikuwa na bomba moja la maji, nalo lilivuja. "Mnawafundisha kemia kwa kuwasomea," alimwambia Bi Corinne jalalani. "Kule ng'ambo ya mlima wana maabara."

"Kule ng'ambo ya mlima, Royce, kuna mlima," alijibu Bi Corinne.

Siku ya uchaguzi theluji ilianguka mapema na kwa wingi. Bw. Royce alitoka kabla ya kucha kusafisha barabara, akaanza na kilima cha Shunpike, ambako anajua kila nyumba inamuunga mkono Bi Corinne. Watu wa Shunpike wakateremka wakapiga kura. Bi Corinne naye akafika, akampigia Bw. Royce kama kawaida. Karani wa mji, Bi Maude Kittredge, na wasaidizi wake walipomaliza kuhesabu kwa mkono, wagombea walikuwa sare. Wakahesabu tena. Sare.

Hapo ndipo mtu alipouliza Bw. Royce alipiga kura saa ngapi. Bw. Royce, akiwa bado na theluji kwenye ndevu, akasema, "Sikupata nafasi. Nilikuwa nawasafishia njia hawa wa Shunpike." Angepiga, kwa desturi kura yake ingekwenda kwa Bi Corinne, na mambo yangekuwa yamekwisha.

Sheria ikaamuru uchaguzi urudiwe baada ya wiki tatu. Wengi wetu tulikuwa darasa la tano, na tunakumbuka vizuri jinsi wiki hizo zilivyokuwa. Nyumbani hakuna aliyezungumza kitu kingine. Sasa watu hawakuuliza tena nani atashinda. Waliuliza kama wagombea wenyewe wataishika desturi, kwa kuwa kura moja ingeweza kuifunga shule.

Jumamosi ya kwanza Bi Janelle Aubin, mama wa watoto wawili wa shule hii, alimkabili Bi Corinne mbele ya pipa la chupa.

"Safari hii jipigie mwenyewe, Bi Corinne. Mara moja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wanangu wataamka saa kumi alfajiri kupanda basi. Wakirudi ni giza tena. Na wewe unaniletea adabu?"

"Nikishinda kwa kura yangu, nitamtazamaje Royce usoni? Ndiye anayenisafishia njia."

"Mtazame miguuni," alisema Bi Janelle, akamwaga chupa zake kwa kelele na kuondoka.

Bi Janelle ametuambia kwamba hakusalimiana naye wiki nzima. Bi Corinne naye ametuambia kwamba hakulala vizuri, kwa sababu kila alipofumba macho aliwaona watoto hao kituoni gizani. Alijua uzito wa alichokataa.

Jumamosi ya pili Bw. Royce alifika na mifuko yake. Watu wakajifanya wanapanga magazeti ili wasikie.

"Nasikia wanakushika sikio," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi wananishika yote mawili. Mke wangu naye yumo."

"Basi?"

"Basi safari hii nitakupigia kabla sijawasha gari. Nawe?"

"Nitakupigia wewe. Na ukienda kule ukanifungia shule, Royce Pelkey, usije dukani kwangu kutafuta chakula cha kuku."

"Nitawalisha kura," alisema Bw. Royce, na hata waliokuwa wamenuna wakacheka.

Siku ya marudio kituo kilifunguliwa saa moja asubuhi. Bw. Royce alikuwa wa kwanza mlangoni na Bi Corinne wa pili, wakiongea habari za matairi. Baada yao ulikuja mji mzima. Walikuja watu ambao hawakuwa wamepiga kura miaka mingi, mmoja akiwa amebebwa pamoja na kiti chake cha sebuleni juu ya gari la mizigo. Supu ya mahindi iliyopikwa na kanisa ilikwisha saa nne. Jioni Bi Maude alihesabu kura mezani mbele ya watu wote, akisoma kila jina kwa sauti, na wagombea wawili walikaa benchi moja wakigawana kipande cha pai ya tufaha. Majina yalipishana hadi mwisho. Bi Corinne alishinda kwa kura kumi na moja.

Bw. Royce alimpa mkono. "Kumi na moja," alisema. "Angalau hawawezi kusema ni mimi."

Ushindi huo haukuiokoa shule. Ulimpa Bi Corinne nafasi ya kujaribu tu. Si msemaji mkubwa, naye analijua hilo. Kwa hiyo badala ya kuitolea hotuba Kamati ya Elimu, aliialika Hadlock mwezi wa Februari, akawapandisha wajumbe kwenye basi alfajiri, kwa njia ileile ambayo sisi tungepita kila siku. Basi lilikwama katikati ya mlima. Walikaa humo muda mrefu, wakipuliza vidole, hadi gari la theluji lilipotokea na kulivuta. Dereva akashuka, akachungulia ndani.

"Karibuni," alisema Bw. Royce. "Hii ndiyo barabara niliyokuwa nawasifia watu."

Kamati ikaubadilisha muswada: kila mji upige kura wenyewe kuhusu shule yake. Mwezi wa Machi Hadlock ilikutana ukumbini kama kila mwaka. Bw. Royce alisimama wa kwanza kuunga mkono shule ibaki, kwa sharti moja, kwamba chumba cha sayansi kijengwe upya. Bi Corinne akasimama wa pili, akasema sharti hilo angelitoa yeye kama asingekuwa mkaidi. Mikono ikainuliwa. Kiangazi kile wazazi waligonga misumari pamoja na Bw. Royce, na Bi Janelle akapaka rangi madirisha huku Bi Corinne amemshikia ngazi. Mjukuu wa Bw. Royce alisoma kemia katika chumba hicho, na sasa yuko mwaka wa pili wa uuguzi.

Baada ya hapo Bi Corinne alichaguliwa mara mbili zaidi. Mpinzani alimpata mara moja tu, naye akampigia kura.

Bi Corinne, tunakushukuru kwa daraja, kwa simu zote ulizopokea, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kutaka kushinda sana na bado akaogopa kushinda vibaya. Tunakutakia afya njema, asubuhi ndefu zisizo na kikao, na peremende uzile popote upendapo. Sherehe hii ikiisha tutafagia ukumbi na kurudisha viti madarasani, kwa sababu Jumatatu saa mbili asubuhi tuna masomo, hapahapa Hadlock.