Ardith Caudill, Aliyeanza Vitabu kwa Ukurasa wa Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi, na poleni na baridi hii. Sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Ardith Caudill. Ardith Caudill wa bonde letu la Laurel Fork, mjane wa marehemu Lonnie, mama wa marehemu Royce. Ameaga dunia Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, kitandani kwake. Mazishi ni kesho, saa nane mchana, kanisani Mount Olivet. Narudia kwa mlioko jikoni na masufuria yanapiga kelele: kesho, saa nane mchana, Mount Olivet.

Wengi wenu mnamjua Ardith kwa vitabu. Hata ninyi wanaume mnamjua kwa vitabu, msijifanye. Vile vitabu vya hadithi za dini, vyenye picha ya mwanamke aliyevaa kofia ya kitambaa, amesimama kwenye shamba la ngano anatazama mbali. Ndani mna mjane mwenye duka la mikate, na mna mwanamume aliyegombana na Mungu. Hadithi ikifika katikati, huyo mwanamume yuko juu ya paa la duka anapigilia misumari bila malipo. Tunacheka, lakini nani hapa bondeni hajavisoma? Kina baba wa mgodini walivisoma ndani ya gari, wamekunja jalada kwa nyuma lisionekane. Lonnie mwenyewe alikutwa analia, akasingizia vumbi la makaa.

Vitabu vilikuja kanisani kwa sanduku, na desturi yetu mnaijua. Kina mama wa chama cha kusoma hawakugusa kitabu mpaka Ardith akipime. Kukipima kwenyewe kulikuwa hivi. Anasimama mbele yao, anafungua ukurasa wa mwisho, anausoma kimya kimya, midomo inacheza. Wenzake wametulia na vikombe vya kahawa mikononi. Kisha mmoja anauliza, "Anarudi?" Maana kila hadithi ilikuwa na mtu wake aliyepotea. Kama si mume ni binti, kama si binti ni mtoto wa kiume aliyekwenda mjini kuponda raha. Ardith akisema, "Anarudi," hapo ndipo wanaanza kukigombania. Kitabu ambacho mtu wake harudi kilikwenda kuwashia jiko, hata kiwe kimeandikwa vizuri namna gani.

Mdogo wake, Vesta, alikuwa akimtania kwamba huko ni kula keki kabla ya chakula. Ardith alimjibu kwamba uchungu upo wa kutosha nyumbani, hana haja ya kwenda kuusoma kanisani.

Na uchungu ulikuwepo kweli. Royce alikuwa mwanawe wa pekee, na alimpata baada ya kuomba sana. Kijana alimfuata baba yake mgodini. Siku moja jiwe la dari likamwangukia mgongoni. Akapewa vidonge vya maumivu. Jamani, habari ya vidonge sina haja ya kuwaeleza, hakuna nyumba bondeni humu ambayo havikubisha hodi. Mgongo ulipona. Vidonge havikumwachia. Aliuza bunduki ya marehemu baba yake, akauza pete ya ndoa ya mama yake. Ardith hakumfukuza. Asubuhi moja Royce akaondoka mwenyewe, bila kuaga.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Ardith hakukata tamaa. Hakukata tamaa hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe. Alikuwa anajua hadithi inavyokwenda. Alikuwa ameisoma ujana wake wote na uzee wake wote. Mama haendi kumtafuta mtoto. Mama anabaki nyumbani, anaomba, anaacha mlango bila kufungwa. Mtoto anayefuatwa hutoroka tena, lakini anayeinuka mwenyewe akarudi kwa miguu yake, huyo amepona moja kwa moja. Hivyo ndivyo vitabu vilivyomfundisha, kimoja baada ya kingine. Kina mama wakimuuliza habari za Royce aliwaambia, "Yuko katikati ya kitabu tu." Wao wakaitika amina, maana walikuwa wanasoma vitabu vile vile.

Ikawa mwezi wa nane, mchana wa jua kali. Ardith na Vesta walikuwa jikoni wanachambua maharage mabichi ya kuhifadhi kwenye chupa. Simu ikalia. Hili Vesta amenisimulia jana, na ni yeye aliyeniambia niwasimulie. Alikuwa Royce. Alikuwa kituo cha mabasi katika mji mmoja huko Ohio, mwendo wa saa nne kwa gari. Ardith akakishika kile chombo cha simu katikati yao, dada na mdogo wake, wasikie wote wawili.

"Mama, njoo unichukue."

Vesta anasema uso wa dada yake ulichangamka, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akipangoja. "Mwanangu, mlango uko wazi," alisema. "Inuka uje."

"Siwezi, mama. Miguu haina nguvu. Njoo wewe."

"Utaweza. Mungu atakutia nguvu. Mimi niko hapa hapa nakungoja."

Royce akasema, "Haya, mama," kwa upole, kama alivyokuwa akiitikia utotoni akitumwa kuni. Simu ikakatika.

Vesta alikuwa ameshachukua funguo za gari ukutani. Macho yake hayamruhusu kuendesha, lakini funguo alikuwa nazo mkononi. "Twende, dada. Tutafika kabla ya giza."

"Keti, Vesta. Tukimfuata tutaharibu."

"Tutaharibu nini?"

"Kurudi kwake."

Vesta akaketi. Ananiambia, "Yeye ndiye mkubwa wangu, na alikuwa na hakika sana. Nikaketi. Tukamaliza maharage."

Jioni ile Ardith alioka keki ya matufaha makavu, ile ya matabaka, ambayo Royce aliipenda. Aliweka sahani tatu mezani. Alikuwa anaimba. Kesho yake mchana akaja askari wa kaunti, kofia mkononi. Royce alikuwa amekutwa amefariki kwenye benchi la kituo, hatua chache kutoka kwenye simu. Nasema tena, wasikilizaji. Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amekaa anangoja.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sitajifanya naujua. Nawaambia tu niliyoyaona. Baada ya mazishi ya Royce, sanduku jipya la vitabu lilifika kanisani, na Ardith akaja kama kawaida yake. Akasimama, akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma. Mmoja wa kina mama, kwa mazoea tu, maskini ya Mungu, akauliza, "Anarudi?" Alipotambua alichosema akaziba mdomo kwa mkono.

Ardith alimtazama bila hasira. "Anarudi," alisema. "Humu wanarudi wote." Akakiweka kitabu mezani, akavaa koti lake, akatoka. Hakusoma tena kitabu chochote. Na kina mama nao wakaacha mmoja mmoja, maana hakukuwa na aliyethubutu kushika nafasi yake. Chama kikafa. Sanduku la mwisho halikufunguliwa hata utepe.

Kanisani alikuja, hilo lazima niliseme. Alikaa benchi la nyuma, hakuimba. Mchungaji alimwendea nyumbani mara nyingi kumhakikishia kwamba Mungu ameshamsamehe. Ardith alimkaribisha vizuri, akampa kahawa. Siku moja akamwambia, "Mchungaji, sina ugomvi na Mungu. Aliyepigiwa simu ni mimi." Mchungaji anasema alimaliza kahawa yake akaondoka. Wengine tulidhani miaka itampoza. Miaka haikumpoza. Alipika, alifagia, alipalilia kaburi, akazeeka hivyo hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakujidanganya kwamba yatazoleka.

Mnajua ninavyomaliza kipindi hiki kila wiki. Nasema marehemu sasa yuko na wapenzi wake waliotangulia, wamekumbatiana, machozi yamefutwa. Ardith alikuwa akisikiliza kila wiki. Wiki iliyopita alimwambia Vesta, "Mwambie yule wa redio asiseme kwamba tumekutana. Yeye hajui. Na mimi sijui." Kwa hiyo leo sitasema. Ulimi unaniwasha kusema, wasikilizaji, lakini sitasema.

Kwako Vesta, na kwa ukoo wote wa Caudill, sisi wa redio hii tunawapa pole, pole sana. Sina neno la kuwapunguzia uchungu.

Na ninyi mnaonisikiliza. Kama kuna wa kwenu yuko mahali na amesema mje mmchukue, msikae kumwombea kwanza. Ombeni mkiwa njiani. Zimeni redio, nendeni. Huenda mkamkosa. Huenda mkamleta na kesho akatoroka, hilo nalo tumeliona. Nendeni tu.

Mazishi ni kesho, saa nane mchana, Mount Olivet. Kaburi limeshachimbwa, kando ya la Royce. Mahali hapo alipachagua Ardith mwenyewe. Alimwambia Vesta kwamba safari hii hatamngoja, atamfuata.