Siku Ukoo Uliponinyima Kura

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mie si mtu wa kutoa mambo ya nyumbani, lakini leo nna la kusema.

Miaka ya tisini ukoo wetu ulinisimamisha, nikaingia katika baraza la ushauri la nchi kwa kura zao. Ami yangu, ndugu wa baba na mkubwa wetu, ndiye aliyenipigania. Mambo yakenda vizuri mpaka wavuvi wa kijiji cha Yiti walipokuja kunilalamikia: pwani wanakopandisha mashua zao inazungushiwa uzio. Nikawaahidi kulisema. Kumbe mwenye uzio ni ami mwenyewe!

Akaniita kwake. Majlisi, chumba chake cha wageni, imejaa wanaume, hata kahawa sikupewa.

“Utanyamaza?”

“Ami, nishawapa watu ahadi.”

“Basi kawaombe wao kura. Hapa huna hata moja.”

Uchaguzi uliofuata wakamsimamisha binamu yangu, mwanawe ami, niliyelala naye kitanda kimoja udogoni. Mie nikasimama peke yangu. Ndugu zangu, nawaambia, kutengwa kunauma! Harusi zinafanywa, hatualikwi. Dukani kwangu mtaa wa Wattaya jamaa wanapita wamegeuza nyuso. Dada yangu akisikia sauti yangu anakata simu. Presha ikanipanda, nikaanguka msikitini katikati ya safu.

Nilipozinduka hospitali nikamwambia mke wangu, “Najitoa. Nakwenda kumtaka radhi ami.”

Akaniuliza, “Radhi ya kosa gani?”

Nikakumbuka ahadi yangu kwa wavuvi. Sikujitoa.

Nikashindwa, tena vibaya. Matokeo yalipotoka, binamu yangu akaja mlangoni peke yake. Nikajua kaja kunicheka.

“Baba hajui kama niko hapa,” akasema. “Lile la Yiti nataka kulisema barazani. Nifundishe.”

Nikabaki nimeuziba mlango. Mke wangu ndiye aliyesema, “Ingia, shemeji, usisimame juani.”

Alilisema, na uzio ukang'olewa. Ami akatununia sote wawili, mpaka maradhi yalipomlaza. Tukawa tunamwosha kwa zamu. Siku moja akanishika mkono, asiuachie.

Namshukuru mke wangu. Namshukuru binamu yangu. Nawashukuru wavuvi walioniletea samaki hospitali wakati jamaa zangu hawaji. Na wewe uliyetengwa na watu wako kwa kusema kweli, usiwatukane. Shika neno lako, na salamu usiikate, hata wasipokuitikia.