Bwana Bado na Mjane Wake

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada wa marehemu, tumenyonya ziwa moja, na nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, nami nitaisoma, ila pale inaposema uongo mtaniwia radhi nikiisahihisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, akaingia chuo kikuu mwaka 1983 kusomea uchumi, na mwaka 1996 akatunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya namna kampuni za umeme zinavyoamua kuwekeza, yaani mtambo ujengwe leo au usubiri, kwa mkopo au kwa mtaji wa wenye hisa. Alithibitisha kwa hesabu kwamba bei ya mafuta ikiyumba, anayesubiri hupata zaidi kuliko anayekurupuka. Wanafunzi wakambandika jina la Bwana Bado, naye akalipenda, maskini, akidhani ni sifa.

Kuhusu ndoa, karatasi inasema marehemu hakujaliwa kuoa. Huo ni uongo mchana kweupe. Tangu Januari 2002 aliishi na mwalimu wa hisabati, yule mama mliyemkalisha nyuma karibu na mlango wa jikoni, naye mama huyo akampikia, akamfulia, akamsahihishia majedwali ya makala zake, na kila alipouliza habari ya cheti cha ndoa aliambiwa bado, mara uprofesa kwanza, mara riba zishuke, mara nyumba iishe. Mtoto hawakupata, na hilo ndilo wengine mnalolishikia bango. Kaka yangu huyo huyo aliandika kwamba mtambo ukicheleweshwa, gharama humwangukia mteja anayekaa gizani, ukumbi mzima ukampigia makofi, akarudi nyumbani, akala, akalala. Nina hasira naye, na kifo chake hakijaipunguza.

Aliugua tumbo Februari 2023, daktari akasema apasuliwe upesi, yeye akaomba kwanza takwimu. Alipozidiwa, ikatakiwa sahihi ya ndugu ili apasuliwe, mwalimu akaambiwa yeye si mke, akapigiwa simu kaka yetu mkubwa, akasema yuko njiani, akafika jioni. Marehemu alifariki tarehe 3 Juni. Jana kaka mkubwa aliwahi nyumbani kabla ya jeneza, akamdai mwalimu funguo za nyumba, akapewa.

Tunawashukuru madaktari, waliosema mapema. Tunawashukuru majirani, mliomwita huyu mama mke wa profesa miaka yote bila kumdai cheti. Wafanyakazi wenzake wa chuoni, asanteni kwa shada la maua, ingawa mlikula mezani kwake kila muhula ulipofungwa, na leo mmempita kama nguzo mkaenda kumpa pole kaka mkubwa.

Marehemu ameacha kaka, dada na mjane. Wifi yangu, njoo ukae mbele, na wewe kaka mkubwa inuka, hicho kiti kina mwenyewe, na funguo umkabidhi hapa hapa watu wakiona.

Pumzika kwa amani, mwana wa mama, sisi huku ndiyo kwanza tunaanza.