Alama Nane na Nusu za Wilfrido Ayala

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamsindikiza Don Eladio, familia inaomba kumsoma kama alivyotusoma sisi, kwa tarehe na kwa alama.

Eladio Benegas Ozuna alizaliwa tarehe 18 Februari 1941 hapa Santa Librada, Paraguay, mtoto wa nne wa fundi matandiko ya farasi, akamaliza darasa la sita mwaka 1954, akaajiriwa posta tarehe 2 Mei 1960, na kwa miaka arobaini na mmoja hakugonga muhuri uliopinda. Tarehe 7 Desemba 1968 alifunga ndoa na Doña Porfiria Cáceres, wakajaliwa watoto watatu, kitinda mimba akiwa Nimia.

Mwaka 1972 ligi ya wilaya ilimteua mtathmini wa waamuzi, kazi ya kutembea kando ya uzio na daftari, usawa wa beki wa mwisho, na kumpa kila mwamuzi na kila mshika kibendera alama kati ya kumi, na aliyepata chini ya tano alifutwa moja kwa moja. Katika fainali ya tarehe 9 Oktoba 1994, dakika ya themanini na nane, Wilfrido Ayala aliinua kibendera kwamba mshambuliaji ameotea, bao likakataliwa, uwanja ukachafuka, na Don Eladio akamwandikia nne.

Wilfrido hakushika kibendera tena, ila mwaka 1997 alimwoa Nimia, na tangu hapo, kila Jumapili mbele ya nyama choma, vipande vya muhogo viligeuzwa mabeki na kikopo cha chumvi mshambuliaji, mzee akisema, "Beki alibaki nyuma, mwanangu, hata mama yako aliona," naye Doña Porfiria akijibu kwamba siku hiyo alikuwa kwa dada yake, na muhogo huo ni wa kuliwa.

Mwaka jana figo zilimshinda, na Wilfrido ndiye aliyempeleka kliniki mara tatu kwa wiki, hadi Juni hii, akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mzee alipotamka, "Sikuwa usawa wa beki. Nilikuwa nyuma ya goli, nimepanga foleni ya mikate ya chipa, nikaandika walichopiga kelele watu."

"Baba, miaka thelathini?" Wilfrido akauliza.

"Ishirini na tisa na miezi minane."

Akaandika barua ya masahihisho, alama nane na nusu, na alipoulizwa kwa nini si tisa, alisema kibendera kilichelewa kuinuka. Ligi ilijibu, kwa muhuri uliopinda, kwamba masahihisho hupokelewa tu mtathmini akiyaleta mwenyewe. Don Eladio alifariki Jumamosi, tarehe 3 Agosti 2024, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotukandia unga wa chipa, na wenzake wa posta. Mwenyekiti wa ligi, uliyeketi safu ya mbele, barua iko juu ya jeneza, na mtathmini ameileta mwenyewe. Tunakuomba usimame uipokee, Wilfrido anangoja.

Pumzika kwa amani, Baba, safari hii uko usawa.