Jicho la Jogoo

Kwenye bajaji ya Magomeni nilikaa na kaka mwenye kamera mpya na mama muuza kuku, jogoo mapajani mwake.

"Mama, kamera hii ukiipangia kupiga ndege, inatafuta jicho lake yenyewe," kaka alijigamba. "Kiboksi hiki cha kijani kwenye kioo kikilishika, hakiachii."

"Mwanangu, kuku mzima unamjua kwa jicho. Mwaka wa ishirini huu nalitafuta, na sijawahi kuchaji betri."

Jicho langu mimi halikutafutwa na mtu.

Tulipofika bonde la Jangwani kaka aliona yangeyange, ndege mweupe, nje upande wa mama, akalenga. Kiboksi kikamrukia jogoo. Akalenga tena, kikarudi kwa jogoo.

"Msogeze kidogo, mama."

"Nimsogeze wakati mashine imeshachagua?"

Bajaji ikasimama, mama akashuka. Yangeyange aliruka, kaka hakugeuka. Alikuwa anampiga picha jogoo akiondoka.