Baba Aliyekaa Darasani na Binti Yake

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na wote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi asubuhi hii, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nimekubali kwa sharti kwamba nitayasoma kama yalivyokuwa, maana yeye mwenyewe alichukia sana kazi ya kupaka rangi juu ya kutu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1953, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba mwashi na mama mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao, nyumba ambayo watu wake walifanya kazi wiki nzima na mambo ya dini yalikuwa ya majirani, hivyo hakuna hata mmoja wetu aliyebatizwa wala kufundishwa sala yoyote, na ninalisema hilo mapema kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 akamaliza mwaka 1967, akiwa hodari wa hesabu na mbishi katika masomo mengine yote, na mwaka 1969 alijiunga na chuo cha ufundi, akatoka mwaka 1971 akiwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliajiriwa katika gereji ya mabasi, na huko ndiko alikopewa jina la Cheche, si kwa sababu ya kazi yake kama wengi mnavyodhani, bali kwa sababu ya hasira zake, zilizowaka ghafla na kuzimika kabla hujamaliza kumwomba radhi. Mwezi Machi 1982 alifungua karakana yake mwenyewe, na mageti na madirisha mengi mliyopita leo mkija hapa yametoka mikononi mwake.

Mkewe alimpata dukani, kwa kuwa marehemu shemeji yetu alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, na kaka akawa anakwenda kununua vijiti vya kuchomelea kila siku, mpaka wenzake wakaanza kujiuliza vijiti vinaishia wapi wakati kazi yenyewe hakuna. Shemeji alikuwa na binti wa miaka mitatu, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1984 na ambaye baba yake alikuwa amekwenda zake kabla hata hajazaliwa. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 mbele ya msajili wa serikali, maana bwana harusi hakuwa na dini, na bibi harusi, ingawa alizaliwa na kulelewa Mkatoliki, alikuwa amelinunia kanisa tangu siku alipopeleka kichanga chake kikabatizwe, akaulizwa na karani mbele ya watu, "Baba yake yuko wapi?", akaondoka na mtoto wake akisema atarudi akipoa, na hakupoa.

Mungu hakuwajalia mtoto mwingine, na neno hilo "mwingine" ametuachia marehemu mwenyewe tuliseme hivyo, kwa sababu neno "wa kambo" halikuruhusiwa kuvuka mlango wa nyumba yake, na aliyelitamka alitakiwa kumaliza chai yake nje.

Tarehe 2 Februari 1994 shemeji alifariki kwa ugonjwa wa figo. Kwenye misa ya mazishi watoto wote wa ukoo walipanda kwenda kupokea komunyo, naye binti, mwenye miaka tisa, aliponyanyuka awafuate, bibi yake mzaa mama alimshika bega akamrudisha kwenye benchi. Walipofika nyumbani, kabla hata hajavua viatu, alimuuliza kaka, "Baba, mbona mimi niliachwa nyuma?"

"Kwa sababu hujabatizwa."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

"Mimi nataka kubatizwa."

"Basi tutakwenda."

"Lini?"

"Jumamosi," akajibu kaka yetu, bila kujua Jumamosi huko kanisani kunafanyika nini.

Lakini kabla ya Jumamosi hiyo kufika alikuja bibi, amebeba sanduku tupu, akamwambia, "Mkwe wangu, mimi sina ugomvi na wewe, umemtunza mwanangu mpaka dakika ya mwisho, lakini humu ndani hakuna anayejua hata kufanya ishara ya msalaba, na mjukuu wangu siwezi kumwacha akue kama jani la njiani, nakwenda naye." Sote tuliokuwapo tulijua hasira za kaka tukajiandaa kuwaamua, ila siku ile hakuwaka, alikaa chini akasema, "Mama, nipe muda mpaka abatizwe. Nikishindwa, nitakuletea mwenyewe, na nguo zake zikiwa zimepigwa pasi." Bibi alikubali, lakini sanduku aliliacha pale pale juu ya kabati, ili mkwe asije akasahau.

Katekista aliyewapokea Jumamosi ile tunaye hapa leo, ni yule mama aliyekaa kwenye kiti chenye mto, wakati huo akiwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti iliyofika nje ya ua. Alimtazama kaka, akatazama viatu vyake vilivyotobolewa na moto, akamuuliza, "Nyumbani mtoto anasali na nani?"

"Bado hasali, mwalimu, ndiyo maana tumekuja."

"Mtoto mkubwa hivi hamwagiwi maji tu kama kichanga," mwalimu akamweleza. "Anafundishwa, anaulizwa, anajibu kwa kinywa chake, halafu siku hiyo hiyo moja anapokea ubatizo, kipaimara na komunyo. Itachukua miaka miwili. Mimi ninaye Jumamosi asubuhi tu, siku zilizobaki unaye wewe. Utamfundisha nini?"

"Utakachonifundisha wewe."

"Basi kaa."

Akakaa, kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu, na Jumamosi iliyofuata akaja na stuli ya chuma aliyoitengeneza mwenyewe, akaiweka nyuma kabisa chini ya dirisha, na kuanzia hapo hakukosa darasa, hata siku alizokuwa na kazi ya watu ya haraka. Sala alizisoma pamoja na binti jioni kwa kupokezana, na mchana akazirudia kazini ndani ya kinyago chake cha kuchomelea, mpaka dereva mmoja aliyeleta bampa lake, aliposikia manung'uniko mle ndani, akadhani anatukanwa, akauliza kwa ukali, "Unasemaje wewe?", naye kaka akainua kinyago akamjibu, "Nimefika kwenye mkate wetu wa kila siku, tafadhali usinichanganye."

Tusidhani kwamba safari hiyo ilikuwa nyepesi kwa mtoto. Darasa lilijaa watoto wa miaka saba na minane, yeye akiwa amewazidi wote kichwa kizima, wakamwita Twiga, na Jumamosi moja akajifungia chumbani akasema haendi tena kukaa na watoto wadogo wamcheke. Kaka alimwambia kupitia tundu la ufunguo, "Wewe umewazidi miaka miwili, mimi nimewazidi thelathini na kitu, tena nimekaa kwenye stuli. Waache wanicheke mimi kwanza, wakichoka ndiyo waje kwako." Binti akafungua mlango wakaenda.

Tarehe 27 Novemba 1994 binti alipokelewa rasmi kuwa mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa ubatizo, na ilipofika zamu ya wazazi kuwawekea watoto wao ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kaka alibaki nyuma, kwa kuwa yeye si muumini na kwa kuwa mikono yake, aliyoisugua kwa petroli tangu alfajiri, bado ilikuwa myeusi kwenye kucha. Mwalimu alimwita kwa mkono, akamnong'oneza, "Wewe ndiye mzazi, nani mwingine atafanya?" Akasogea, akamwekea, polepole kama mtu anayepima chuma kabla ya kukikata.

Mtoto alihitaji msimamizi wa ubatizo, mtu mwenye imani wa kusimama naye, na mwezi Januari 1996 kaka alivaa shati lake jeupe akaenda kwa yule yule bibi. Alimwambia, "Mama, kazi ya kumfikisha pale nimeifanya, lakini pale mbele mimi sina ruhusa ya kusimama. Simama wewe." Bibi, ambaye alikuwa amejiandaa kwa ubishi na si kwa ombi, aliuliza kama mtoto anaijua Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, na kaka, badala ya kujibu, akaisoma yeye yote mwanzo mpaka mwisho, na bibi akaenda kuweka maji ya chai.

Kikwazo kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekitegemea. Wiki chache kabla ya Pasaka, mbele ya darasa zima, binti alifunga kitabu chake akasema, "Kama Baba habatizwi, na mimi sibatizwi." Mwalimu amekiri kwetu juzi kwamba alifurahi kimoyomoyo, akidhani sasa Cheche amepatikana, maana hakuna baba ambaye angekataa. Kaka alimtoa mtoto nje, wakakaa kwenye ngazi, na maneno aliyomwambia binti anayakumbuka yote.

"Mwanangu, pale mbele wanauliza, 'Unasadiki?', na mtu anajibu mwenyewe. Mama yako alipougua niliomba kwa namna niliyoijua, na akaenda. Sijagombana na Mungu, lakini bado hatujapatana. Nikisimama nikajibu ndiyo, nitakuwa nimesema uongo, tena siku yako, tena kwa ajili yako. Wewe unasadiki?"

"Ndiyo."

"Basi sema la kwako. Langu niachie."

Binti alilia siku ile hata chakula hakugusa, na asubuhi yake akaamka, akapiga pasi sare yake, akamwomba baba yake amsikilize anavyosoma Nasadiki kabla ya kwenda shule.

Alibatizwa asubuhi ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1996, akapokea kipaimara na komunyo ya kwanza katika misa hiyo hiyo, bibi akiwa amemwekea mkono begani, na jina la ubatizo alilochagua likawa la marehemu mama yake. Kaka alikaa benchi la nyuma, na paroko alipomuuliza mtoto maswali, majibu yalifika mpaka mlangoni, hata kaka akasema baadaye kwamba yeye mwenyewe akiita wateja hapazi sauti vile. Jioni bibi alipoondoka alilishusha sanduku lake kutoka juu ya kabati, akaondoka nalo tupu.

Miaka iliyofuata kaka aliendelea kumpeleka binti misa kila Jumapili, na hata binti alipohama, akahitimu uuguzi mwaka 2007 na kuolewa katika kanisa hilo hilo tarehe 14 Agosti 2010, yeye aliendelea kwenda peke yake, benchi lile lile, haendi mbele, na mlangoni mwalimu akimuuliza, "Bado?", naye akijibu, "Bado, mwalimu." Wajukuu wake wawili wamejifunza Baba Yetu kutoka kwake.

Mwaka 2021 alianza kukohoa, na madaktari wakagundua kwamba mapafu yalikuwa yamechoka kwa moshi wa miaka mingi. Tarehe 20 Aprili 2023 alilazwa, na alipoona hali inazidi alimwita binti yake akamwambia, "Najua mtu akiwa mahututi hata wewe unaruhusiwa kumbatiza, nilikuwapo darasani mwalimu alipofundisha. Usinimwagie maji nikiwa sijitambui. Mungu akinitaka, aniamshe aniulize mwenyewe."

Tarehe 15 Mei, mchana, alipoteza fahamu. Binti ameturuhusu tulisome hili. Alivuta pazia la kitanda, akajaza maji kwenye glasi, akasimama nayo kwa muda mrefu juu ya paji la uso la baba yake, maana anasadiki kweli, na kwa anayesadiki lile halikuwa jambo dogo. Kisha akaiteremsha, akachovya kitambaa, akamlowanisha midomo iliyokauka, akakaa akasali kwa sauti, akisoma sehemu yake na sehemu ya baba yake. Marehemu hakuzinduka. Alifariki tarehe 17 Mei 2023, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ndiyo sababu, ndugu zangu, leo tunamuaga hapa nyumbani na si kanisani, na wanaouliza kwa nini, jibu ndilo hilo. Mwalimu wake alikuwa wa kwanza kufika msibani, na binti alipomshika mikono akamuuliza, "Mwalimu, nilikosea?", mama huyu alimjibu mbele yetu sote, "Miaka yote hii nimemuuliza swali moja, na hakuwahi kunijibu uongo hata kwa kunifurahisha. Huyo anayemuuliza sasa anajua kuuliza kuliko mimi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, ikiwa ni pamoja na wale waliomvumilia alipokuwa akikosoa namna vitanda vyao vilivyochomelewa, inawashukuru majirani waliotupikia na kutulazia wageni, mafundi wenzake waliofunga karakana zao tangu juzi, paroko aliyekuja kukaa nasi, na mwalimu. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, pokeeni shukrani zetu kwa pamoja.

Kaka, ulichoahidi ulikitimiza, na ulichoshindwa kukisema hukukisema. Lala sasa, kwa amani ya mtu mkweli.