Kipa Aliyewekwa Kando

Mwaka 1965, juu ya kamio, lori ya mawese iliyotoka Rumonge kwenda Bujumbura, niliketi nyuma ya Mzee Aruna, mkubwa wa timu yetu ya mpira. Mama mmoja muuza mawese, ambaye Aruna hakumjua lakini aliyezoea kutazama mechi zetu, alimshika kwa maneno.

"Ule kijana mukimbizi wa Kongo anadaka muzuri. Juu ya nini mulimuweka kando?"

"Dada, timu iko ya wenyeji."

"Na nyavu zako za samaki ndagala, yeye hazivuti?"

"Anavuta. Ile ni kazi."

"Ehee! Kwa kazi iko mwenyeji, kwa muchezo iko mugeni! Golini mukaweka nani?"

"Shemeji yangu."

"Yule anayefumba macho mpira ukikuja?"

"Anafumba, lakini iko wa hapa!"

Kamio nzima ilicheka. Mimi nilisaga meno. Watu husahau, mimi sisahau: babake Aruna alishuka ufukweni kwetu kutoka Ujiji, mkeka kichwani, akapokewa.

Kwenye kizuizi cha Kabezi tulisimamishwa. Askari alipanda, akaitazama kofia ya Aruna, ile ya watu wa Ujiji.

"Wewe muzee, uko mutu wa wapi?"

Mama akamgeukia Aruna, mikono kiunoni, akingoja jibu kwa hamu kuliko hata askari.